Tiyo Mbili na Barabara ya Mahagi

Mke wangu ana pumu tangu akiwa mtoto. Msimu wa mvua tunaishi nayo vizuri, hata tunaisahau. Lakini kiangazi kikianza, malori yakianza kuinua vumbi jekundu kwenye barabara zetu za Bunia, anafunga madirisha yote, anatandaza vitambaa vilivyolowa maji chini ya milango, na kichupa chake cha kupulizia dawa hakitoki mfukoni. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, na wateja wake wamezoea kubisha kwenye mlango uliofungwa.

Mama yake alikuwa anaishi upande wa Mahagi, kwenye vilima vinavyotazama ziwa. Masikio yake yalikuwa yameanza kufa, kwa hiyo simu haikuwa na maana tena. Mke wangu alikuwa anapaza sauti hapa, mama anapaza sauti kule, halafu kila mmoja anakata simu bila kujua mwenzake alisema nini. Ili kuzungumza na mama yule, ilikuwa lazima ukae mbele yake aone mdomo wako.

Tulijaribu kwenda mara moja, kwa gari letu la zamani nililolinunua kwa daktari aliyehamishwa. Klima ya gari, ile mashine ya kupoza hewa, ilikuwa imekufa, na ndani palikuwa moto kama jikoni. Tulipofika upande wa Nizi, pale malori ya wachimba dhahabu yanapofuatana moja nyuma ya jingine, mke wangu mwenyewe alisema tufungue madirisha kidogo. Dakika chache baadaye hakuweza tena kusema. Kichupa hakikusaidia. Niligeuza gari nikarudi hadi kituo cha afya tulichokuwa tumekipita, na muuguzi wa pale alikaa naye saa tatu mpaka pumzi ikarudi. Tulirudi nyumbani. Vile vitu alivyokuwa amemshonea mama yake, kitenge na blauzi mbili, alivikunja akaviweka juu ya kabati. Vilikaa pale karibu miaka miwili.

Kisha kaka yake akatuma ujumbe kwamba mama amedhoofika, na kila asubuhi anauliza kama binti yake wa Bunia amefika. Mke wangu alinisomea ujumbe ule mara moja tu, akarudi kwenye cherehani. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaamua kwamba klima ya gari lazima ipone.

Fundi mmoja wa mjini aliifungua, akaingiza gazi, na baridi ikatoka vizuri. Lakini alinionyesha tiyo mbili, ile mipira minene inayopitisha gazi. Moja inatoka kwenye kompresa, mashine inayolisukuma gazi, kwenda mbele ya gari, nyingine inarudi kutoka ndani. Zote zilikuwa zimekauka na kupasukapasuka kama visigino vya mtu anayetembea peku. Alisema gazi litatoka siku si nyingi, na kwamba yeye hana tiyo za kubadilisha. Nikamshukuru, nikarudi na gari nyumbani, nikiwaza kuwa kazi ya kufungua nati mbili tatu haiwezi kumshinda mtu aliyesoma.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nafahamu pepo za dunia nzima, joto linavyopanda na baridi inavyoshuka. Jumamosi iliyofuata niliangalia video mbili kwenye simu, nikaazima kle mbili za kufungulia nati, nikatandika katoni chini, nikafungua boneti ili nizitoe tiyo zile. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nina hakika gazi lote limetoka. Nilimwambia limetoka, kwa kuwa jana yake baridi ilikuwa imepungua. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Kupungua si kwisha.

Nilipolegeza nati ya kwanza, gazi lilitoka kwa sauti kali kama ya nyoka mkubwa, jeupe, na kabla sijavuta mkono vidole vyangu vitatu vilikuwa vimeganda. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilivitazama vikiwa vyeupe kama vya maiti, nikashindwa kuvikunja. Kisha maumivu yakaja yote kwa pamoja, nikakaa chini.

Aliyeingia kwa lango letu bila kubisha hodi alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta wa mabati.

Ni lazima nieleze kidogo juu yake. Ni mama mjane, umri wake unakaribia hamsini, familia yake ilihamia hapa mtaani kwetu Bigo kutoka Butembo. Anatengeneza friji na makongelio, yale masanduku ya kugandisha vyakula. Kazi hiyo alijifunza kwa mume wake, na mume alipokufa aliendelea nayo. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana tu, salamu fupi, kwa sababu ya jenereta yake. Umeme ukikatika aliiwasha, nayo ilinguruma karibu na dirisha letu la kulala, na moshi wake uliingia. Nilikuwa nimepeleka barua ya malalamiko kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu. Muda mfupi baadaye jenereta ilisogezwa upande wa barabara, nami nikajua shefu amemlazimisha. Tangu hapo, kila nilipokutana naye njiani, macho yangu yalitafuta kitu kingine cha kutazama.

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Alinishika mkono kwenye kiwiko, hakugusa vidole. Alimwambia mke wangu alete maji ya vuguvugu, si ya moto. Mimi nilikuwa nimeanza kuvisugua vidole kwenye suruali, akanizuia.

"Usisugue, Prof. Nyama iko na barafu ndani. Ukisugua inapasuka."

Akatia mkono wangu ndani ya beseni, akakaa pale akipima maji kwa kiwiko chake kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akiongeza maji kidogo kidogo. Baada ya muda vidole vilianza kuwa vyekundu na kuuma vibaya, naye akasema hiyo ni habari nzuri. Alinitazama machoni, kila jicho, akaniuliza kama gazi lilinigusa usoni. Halikunigusa. Alisema Mungu amenihurumia, kwa sababu yeye anamjua mtu aliyepoteza jicho kwa haraka ya namna ile.

Alikuwa amesikia sauti ya gazi akiwa uani kwake. Sauti ile, alisema, akiisikia hata usingizini anaijua.

Baadaye, mkono wangu ukiwa umefungwa kitambaa, mke wangu alimweleza habari yote: mama wa Mahagi, masikio yake, siku ile ya Nizi. Sikuwahi kumsikia akiieleza kwa mtu wa nje. Jirani alisikiliza bila kukatiza. Halafu akaenda kuinamia injini, akapapasa tiyo zile mbili tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema atazibadilisha yeye, hapa hapa uani kwetu, lakini si leo na si kwa tiyo yoyote tu.

Mimi nilikuwa na wazo. Mjini kuna watu wanaotengeneza mipira ya mashine za wachimba dhahabu. Wanakata, wanabana chuma, unaondoka nayo siku ile ile. Alitikisa kichwa.

"Ile iko ya mafuta, Prof. Gazi inapita ndani yake pole pole, sawa jasho kwa nguo. Utafika Mahagi na baridi, utarudi na vumbi."

Mdogo wa kike wa jirani alikuwa anafanya biashara ya vitambaa, kwenda Kampala na kurudi. Kule mafundi wana mpira wa gazi wa kweli, na wanaweza kuubana kwenye vile vichwa vya chuma vya zamani. Tulichotakiwa kufanya ni kufungua tiyo zetu na kumpa azipeleke kama mfano.

Jirani akaenda kuchukua vyombo vyake, akavuta gazi lililobaki akalifungia kwenye chupa, akatoa nyaya za betri. Alifungua nati kwa kle mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha, ili bomba la aluminiamu lisijikunje. Mdomo wa kila bomba lililobaki wazi aliufunga mara moja kwa kipande cha plastiki safi na uzi wa mpira. Unyevu wa hewa ukiingia mle ndani, alisema, unakula kompresa kama kutu inavyokula sufuria.

Alipokuwa anataka kuzifunga tiyo kwenye gazeti, mke wangu alimwomba asubiri. Akaleta chaki yake ya kushonea na utepe wa kupimia. Akalaza kila tiyo mezani, akachora mstari mmoja mweupe ulionyooka kutoka kichwa cha chuma cha huku mpaka cha kule, ili fundi wa Kampala aone kila kichwa kinatazama upande gani kabla ya kukikata. Kisha akapima urefu, akaandika, akauliza kama injini hutikisika ikiwaka. Jirani alisema hutikisika sana.

"Basi waongeze vidole viwili," mke wangu alisema. "Mutu anayetembea hapimwi nguo sawa mutu aliyelala."

Jirani alimtazama, akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema katika miaka yote ya kazi yake hakuna fundi aliyeufikiria mstari ule wa chaki.

Tulisubiri siku kumi na saba. Katika siku hizo nilikuwa na jambo lililoniuma kuliko vidole. Alasiri moja nilikwenda kwake peke yangu. Sikuwahi kuingia katika parseli ile, kiwanja chake. Chini ya paa la mabati makongelio manne makubwa yalikuwa yamepangwa ukutani, na akina mama wawili kutoka upande wa ziwa walikuwa wanaweka samaki ndani, kila mmoja na kona yake yenye alama ya kitambaa. Nikaelewa kwamba samaki wale hawakuwa wake. Wanawake kumi na mmoja wanaouza sokoni walikuwa wanaweka mali yao pale, na umeme ukikatika ilikuwa ni jenereta ile iliyozuia isioze.

Alinipa kiti. Nilizungumzia hali ya hewa, nikazungumzia shule, mwishowe nikasema nilichokuja kusema.

"Mama, ile barua iliyokwenda kwa shefu, ni mimi niliandika."

"Nilijua," alisema. "Shefu alinionyesha. Muandiko yako iko muzuri."

Nikamwambia najuta, na kwamba kama angekuja kwangu kabla shefu hajamlazimisha kuhamisha jenereta, labda tungeelewana. Alinitazama kwa mshangao. Shefu hakumlazimisha, alisema. Shefu alicheka tu, akamwambia walimu wanapenda kuandika. Jenereta aliisogeza mwenyewe, wiki moja kabla ya shefu kumwonyesha barua, baada ya kusikia kupitia ukuta jinsi mke wangu alivyokuwa anakohoa. Aliwalipa watu wawili kuibeba na kuijengea kibanda karibu na barabara.

Miaka mitatu nilikuwa nimeamini kwamba nilishinda kesi, na kumbe hapakuwa na kesi. Palikuwa na mtu aliyesikia kikohozi cha jirani akafanya linalofaa, asiseme chochote. Nilimwomba msamaha tena, safari hii kwa jambo lenyewe. Alisema yamekwisha, akaniomba nimsaidie kunyanyua mfuniko wa kongelio la mwisho, kwa kuwa bawaba yake ilikuwa nzito. Nilitumia ule mkono usioumia.

Tiyo zilifika siku ya Jumapili, lakini jirani yetu ni mtu wa kanisa lake na Jumapili hafungui hata sanduku la vyombo. Tulikaa tukizitazama juu ya meza, nyeusi, mpya, zikinuka mpira. Mstari wa chaki fundi alikuwa ameunakili kwa rangi nyeupe kwenye tiyo mpya. Vile vidole viwili vya nyongeza vilikuwepo.

Jumatatu sikuwa na somo asubuhi. Tulianza saa moja. Alinipa miwani ya kuzuia macho na glavu, akasema kazi yangu ni kushika ninachoambiwa kushika. Vile vipete vidogo vya mpira vinavyokaa kwenye maungio alivitupa vyote, akaweka vipya vya kijani. Nikataka kumletea mafuta ya kujipaka ili vilainike. Alikataa. Alivipaka mafuta ya kompresa kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, na akaviingiza kwa upole. Tiyo ya kwanza ilikaa mahali pake kama vile haikutoka kamwe. Ya pili ilisumbua kidogo pale inapopita chini ya betri, akalala chali kwenye katoni, akaomba taa, kisha akaomba kitambaa. Nati ilipokubali aliikaza kwa mkono, kisha kwa kle, akisimama kidogo kila robo ya mzunguko kana kwamba anasikiliza.

Pampu yake ya kuvuta hewa alikuwa ameitengeneza kwa kompresa ya friji lililokufa. Aliiunganisha na saa zake mbili za kupimia nguvu ya gazi, zile zenye sindano, akaiacha ivute kwa muda wa saa nzima. Sindano ilishuka mpaka chini ya sifuri. Akazima. Sasa, alisema, tusubiri. Kama kuna tundu, hata dogo kama la sindano ya cherehani, ile sindano itapanda yenyewe.

Mke wangu alileta chai, na sisi watatu tulikaa mbele ya gari tukitazama sindano ile kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ndipo jirani alitueleza kuhusu mume wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na jambo alilomfundisha la kwanza halikuwa kufungua wala kufunga, bali kungojea. Fundi mbaya anajulikana hapa, alimwambia, kwenye kungojea. Tulimaliza chai. Sindano haikusogea.

Gazi alilipima kwa mizani ya jikoni, chupa ikiwa juu yake, injini ikiwaka, akiliingiza polepole. Alipaka povu la sabuni kwenye kila ungio, hakuna povu lililovimba. Tiyo moja ilianza kutokwa jasho, matone madogo ya maji kwa nje, nikashtuka. Alisema hilo ndilo alilokuwa analitaka, ni dalili ya baridi. Kisha akamwambia mke wangu aingie, afunge madirisha yote, akae.

Nilimtazama kupitia kioo. Alikaa mikono ikiwa juu ya mapaja. Baadaye akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jirani alianza kukusanya kle zake bila kumharakisha.

Tulingoja wiki moja kuona kama baridi itapungua. Haikupungua. Tukauliza habari za usalama wa barabara kama watu wa huku wanavyouliza kila wanapotaka kusafiri, tukaambiwa ni shwari, tukaondoka alfajiri. Nizi tuliipita madirisha yakiwa yamefungwa. Nje malori yalikuwa yamelifanya jua kuwa jekundu, na mbele yangu sikuona zaidi ya mita ishirini. Ndani hewa ilikuwa baridi na safi. Mke wangu alikuwa ameshika kichupa chake mkononi. Baada ya kilomita kadhaa nilimwona akikirudisha kwenye mkoba.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichambua maharage. Hakusikia gari. Mke wangu alishuka, akaenda akachuchumaa mbele yake, akangoja ainue macho. Mama alipoinua macho alimtazama mdomo kwanza, kama alivyozoea, akisubiri maneno. Mke wangu hakuweza kuyatoa. Mama akaweka ungo chini, akamshika uso kwa mikono miwili.

Tulikaa siku tisa. Blauzi zile zilikuwa pana sasa, kwa kuwa mama alikuwa amekonda, na mke wangu alizipunguza kwa mkono akiwa ameketi karibu naye. Walizungumza mchana kutwa, mama akitazama midomo, na mara nyingi walicheka mambo ambayo mimi sikuyajua. Siku ya tano mama alitaka kuona hicho kilichomleta binti yake. Tulimweka kwenye kiti cha mbele, nikawasha klima. Aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiondoa, akakirudisha. Akauliza ni nani aliyetengeneza kitu hicho. Mke wangu alimwambia polepole, akiumba kila neno kwa midomo, kwamba ni mama mmoja, jirani yetu. Mama akasema tumpelekee asali, na tulimpelekea.

Mvua zilipoanza, mama alifariki. Wiki ile barabara ilikuwa imefungwa, hakuna gari lililopita, na hatukuweza kufika kwenye mazishi. Tuliweka matanga hapa Bigo. Jirani alikuja tangu siku ya kwanza, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani ubavuni mwa mke wangu. Wengine walipoondoka, yeye alibaki, akamwomba amweleze jinsi mama alivyokuwa. Mke wangu akaanza kumsimulia zile siku tisa, siku moja baada ya nyingine, walikula nini, walicheka nini, mama alisema nini juu ya blauzi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Nilirudi nayo jikoni, nikawaacha wazungumze.